Sura ya Tano: Mnara Usio na Baraza

Ramani za kigeni za Doha huandika West Bay. Mqatari atakuambia Al Dafna. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, maana jina hilo limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia neno dafina, ile mali iliyofukiwa chini. Dafna ni mahali palipofukiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwa bado maji ya kina kifupi. Mchanga ukachotwa baharini, ukamwagwa, ukashindiliwa, na juu yake likachorwa jiji jipya kwa mpango wa msanifu wa Kimarekani, William Pereira. Ndiye pia aliyechora hoteli ya Sheraton, ile piramidi iliyofunguliwa mwaka 1982 ikakaa karibu peke yake kwa muda mrefu kwenye ncha ya Corniche, njia ya ufukweni, kama jahazi lililopwelewa. Minara iliyo nyuma yake leo, Tornado Tower yenye kiuno chembamba, Burj Doha wa Jean Nouvel uliovikwa nakshi za chuma kama dirisha la mashrabia, na wenzao makumi kwa makumi, karibu yote imeota baada ya mwaka 2000.

Naanza na mchanga kwa sababu moja tu: ardhi ya kufukia haina wazee. Hakuna babu aliyezaliwa kwenye ghorofa ya thelathini. Na sisi, tukitafuta nyumba, tumezoea kuwauliza wazee.

Kwetu mtu anayetaka kuhamia mtaa mgeni hafungui jedwali la takwimu. Anakwenda kukaa. Anaagiza chai na chapati kwa mama ntilie, anampa fundi viatu kazi ndogo isiyo na haraka, anawatania bodaboda kijiweni, na chai haijapoa ameshajua kichochoro kipi hakipitiki baada ya saa mbili usiku, nyumba ipi ilivunjwa mwezi uliopita na nani anashukiwa. Mji Mkongwe wa Unguja na Mombasa ya Kale kazi hiyo hufanywa na baraza. Lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba si mahali pa kupunga upepo tu. Ni kituo cha ulinzi kisicho na mshahara. Mgeni akipita mara mbili anasalimiwa. Akipita mara ya tatu anaulizwa anamtafuta nani. Mwaka 1961 Jane Jacobs wa New York aliandika kitabu mashuhuri kuhusu miji ya Marekani, na hoja yake iliyosikika zaidi ni hiyo hiyo: njia huwa salama ikiwa na macho, ya muuza duka, ya bibi dirishani, ya wapita njia. Wazee wa Kibokoni wasingehitaji kukisoma.

Sasa shuka chini ya mnara wowote wa West Bay saa nane mchana mwezi wa Julai. Joto limepita nyuzi arobaini. Njia ni pana, safi, na tupu. Ghorofa za chini ni maegesho ya magari, zikifuatiwa na ukumbi wa mapokezi wenye vioo na ubaridi wa kutia mafua. Hakuna baraza, hakuna genge, hakuna kijiwe. Macho yapo, lakini ni ya kamera: sheria namba 9 ya mwaka 2011 inayataka majengo ya aina fulani yaweke kamera za ulinzi na kutunza picha zake kwa siku 120. Kamera hiyo haitakuuliza unamtafuta nani. Itakukumbuka tu kwa miezi minne.

Kwa hiyo mgeni kutoka Afrika Mashariki hufika hapo akiwa na kipimo kizuri kisichopima kitu. Swali lake la kwanza ni lile aliloondoka nalo nyumbani. Wa Nairobi anaangalia geti na nyaya za umeme juu ya ukuta. Wa Dar es Salaam, aliyewahi kufunga duka mapema kwa sababu ya tetesi kwamba vijana wahuni wa Panya Road wanakuja, anauliza kama kuna vibaka. Jibu ni rahisi: hapana, au kidogo mno. Watu huacha simu juu ya meza ya mkahawa na kwenda kuagiza. Familia hutembea Corniche saa tano usiku na watoto kwenye vigari, kwa sababu majira ya joto usiku ndio mchana wa watu. Tovuti ya Numbeo, inayopanga nchi na miji kwa usalama, imekuwa ikiiweka Qatar juu kabisa au jirani na juu. Ila ujue namba hizo zinatengenezwaje: watumiaji wa tovuti huulizwa wanajisikiaje, majibu hujumlishwa. Ni kipimo cha hofu ya watu, si daftari la polisi. Na mtu aliyetoka kwenye hofu ya mwizi, akifika pasipo na mwizi, hujibu kwamba yuko salama, hata kama ngazi ya dharura ya jengo lake imejaa magodoro ya zamani.

Hapo ndipo penye shida. Hofu ya mwizi ni mwalimu mzuri kwa mtaa wa chini, lakini ukiipandisha ghorofa ya ishirini inakuwa upofu.

Tujikumbushe inavyotufanya tujenge. Tunaweka nondo madirishani, kufuli nje ya mlango wa nyuma, geti la chuma kwenye korido. Kila kimoja kinamzuia anayeingia. Kila kimoja kinamzuia pia anayetoka. Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilipowaka, wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Hakuna mwizi hata mmoja katika habari ile. Tangu hapo bado tunaisifu nyumba kwa unene wa nondo zake.

Ghuba nayo ina mifano yake, na ni ya karibuni. Tarehe 12 Juni 2024, alfajiri, moto ulianza ghorofa ya chini ya jengo la wafanyakazi huko Mangaf, Kuwait. Walikufa watu wasiopungua 49, wengi wao Wahindi, wengi kwa moshi. Walikuwa wamelala kwa wingi kwenye vyumba vilivyogawanywa, moshi ukapanda ngazi, na waliokimbilia juu wakakuta mlango wa paa umefungwa. Doha yenyewe ina jeraha lake: 28 Mei 2012, duka kubwa la Villaggio, upande wa magharibi wa jiji. Walikufa watu 19, kati yao watoto 13 waliokuwa kwenye kituo cha kulelea watoto ndani ya jengo, pamoja na walimu wao na wazima moto wawili. Waokoaji walilazimika kutoboa paa ili wawafikie watoto. Hilo lilikuwa duka la kifahari, lenye mifereji ya maji ya kuiga Venice na dari lililochorwa mawingu. Uzuri wa ukumbi haukusema chochote kuhusu njia ya kutokea.

Kwa hiyo ukienda kuangalia fleti West Bay, mwache dalali aendelee kusifia mandhari ya bahari, kisha mwambie unataka kushuka kwa ngazi. Atashangaa. Huenda atakuambia lifti ziko sita. Wewe shuka. Kutoka ghorofa ya kumi na nane ni dakika chache tu, na zitakufundisha mengi kuliko saa nzima sebuleni. Mlango wa ngazi unafungukia upande gani, na je, unajifunga wenyewe ukiuachia, au umezuiwa kwa tofali ili upepo upite? Mlango huo ndio unaozuia moshi usiingie kwenye ngazi. Ukiuona na tofali, jengo limeshakuambia tabia yake. Kuna baiskeli, maboksi, friji mbovu? Taa zinawaka? Kuna harufu ya sigara, ishara kwamba ngazi ni mahali pa kujificha na si mahali pa kupita? Ukifika chini, je, mlango unakutoa nje, au unakutoa kwenye maegesho yenye geti lililofungwa? Wengi hawafiki hapo. Hushuka ghorofa mbili, wakaona pako sawa, wakarudi kwenye lifti. Ilhali ni mlango wa mwisho, wa chini kabisa, ndio unaofungwa kwa ajili ya wezi.

Jambo jingine ni ngozi ya jengo. Minara mingi ya Ghuba iliyojengwa enzi za pupa ya ujenzi ilivishwa mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, ambayo hubeba moto juu ya uso wa jengo kama makuti makavu. Dunia nzima ilijifunza hatari hiyo tarehe 14 Juni 2017, mnara wa Grenfell wa ghorofa 24 ulipoungua London na kuua watu 72. Wiki chache baadaye, Agosti 2017, mnara wa Torch huko Dubai, mrefu zaidi ya mara tatu, uliwaka upande mmoja kwa ghorofa makumi, na ilikuwa mara ya pili kwake baada ya ule moto wa 2015. Hakuna aliyekufa. Ngozi zote mbili ziliungua. Lakini Grenfell wakazi waliambiwa wabaki ndani ya fleti zao, kwenye jengo lenye ngazi moja tu, na agizo hilo likachelewa mno kubadilishwa. Torch watu walitoka. Sisemi kwamba mnara wa Dubai ulikuwa bora kwa kila hali. Nasema mpangaji hawezi kubandua bamba kwenye ukuta kuona kuna nini ndani, lakini anaweza kuuliza ngazi ziko ngapi, kengele ikilia watu hutakiwa kufanya nini, na mara ya mwisho ililia lini. Jibu la "haijawahi kulia" si habari njema. Kengele inayojaribiwa hulia.

Nani wa kumuuliza? Si dalali, yeye hulipwa ukisaini. Msimamizi wa jengo atakupa karatasi. Anayejua ni mlinzi wa usiku.

Na hapa Mswahili ana dafina yake. Walinzi wengi wa Doha ni vijana wa kwetu, Wakenya na Waganda hasa, waliosimama kwenye milango ya minara, hoteli na viwanja tangu kabla ya Kombe la Dunia la 2022. Nenda saa nne usiku, bila dalali. Usianze na maswali. Anza na "Habari za kazi, kaka? Wa wapi wewe?" Akisema Kisii, au Kakamega, au Jinja, mpe dakika kumi za nyumbani: mvua, siasa, bei ya unga. Kisha muulize kama mtu wa kwenu angeuliza: lifti hukwama? Umeme ukikatika jenereta huwaka baada ya muda gani? Kengele ya moto ikilia usiku, mnafanyaje? Kuna ghorofa ambayo watu hulalamika? Nani ana funguo za paa? Kama wewe ni mwanamke utakayeishi peke yako, muulize na hili: mafundi na wafagizi huingia fleti kwa utaratibu gani, na nakala ya ufunguo wako itakaa kwa nani. West Bay mwanamke hatasumbuliwa sana njiani. Mlango wake ndio wa kuulizia.

Atakujibu, au atatabasamu tu na kutazama kamera. Heshimu hilo tabasamu. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Doha, aliandika kwa jina la bandia la Noah kuhusu maisha ya walinzi na malazi yao. Mei 2021 alikamatwa, akazuiliwa karibu mwezi mzima, baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000, na Agosti mwaka huo akaondoka nchini. Usimrekodi mtu. Usiandike jina lake kwenye ujumbe wa malalamiko kwa mwenye nyumba. Alichokuambia kiwe chako tu.

Wakati mwingine swali la usalama linakujibu kabla hujauliza, kwa sababu huwezi kulipa West Bay. Fleti ya chumba kimoja pale mara nyingi hupita riyali 5,000 kwa mwezi. Mshahara wa chini wa Qatar, ulioanza kutumika Machi 2021, ni riyali 1,000, na mwajiri asiyempa mfanyakazi malazi humwongezea 500 za nyumba. Weka hizo namba mbili pamoja, 500 na 5,000, utaelewa kwa nini tangazo la "West Bay, bei nafuu" linahitaji macho mawili. Mara nyingi ni fleti iliyokatwakatwa kwa mbao za jasi, kila kipande na kitanda chake, kila kitanda na mpangaji wake. Ukuta wa jasi haukuwa kwenye ramani iliyopitishwa. Kinyunyizio cha maji kiko chumba cha jirani. Dirisha limebaki upande mmoja. Soketi moja inabeba birika, pasi na jiko la umeme. Mvunja sheria ni mpangishaji, lakini kikija kikosi cha ukaguzi, begi litakalokuwa nje ni lako. Na kuna sheria nyingine, namba 15 ya 2010 iliyorekebishwa 2019, inayokataza kulaza makundi ya wafanyakazi ndani ya mitaa ya familia. Mijini kote Ghuba mwanamume aliyekuja bila familia huitwa kapera, hata kama ameacha wake wawili Kilifi. Kapera akipanga mtaa wa familia anaweza kujikuta yeye ndiye "hatari" ambayo majirani wanaripoti. Ni fedheha, lakini ni bora uijue kabla ya kulipa amana.

Wanaokosa West Bay husogea kusini, kwenye mitaa ya zamani yenye maduka, migahawa na watu, mitaa ambayo kwa kweli inafanana zaidi na kwetu. Mimi binafsi ningependa kuishi huko. Kuna macho njiani. Ila jengo liangalie mara mbili. Tarehe 22 Machi 2023 jengo la ghorofa nne lilianguka Al Mansoura, watu wakafa humo. Msomaji wa Dar anayekumbuka Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, au Kariakoo, Novemba 2024, na wa Nairobi anayekumbuka Huruma, Aprili 2016, anajua cha kutafuta: nyufa za mshazari, nguzo zilizolowa, ghorofa iliyoongezwa juu kwa rangi tofauti, duka la chini lililobomoa ukuta ili lipate nafasi. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Anayepanua duka hajui kama ukuta ule ulikuwa umebeba kitu.

Rudi West Bay. Dalali atakupeleka kwa gari. Atakuchukua kwenye maegesho ya chini, atakushusha kwenye maegesho ya chini, na utaondoka ukiamini kwamba jiji ni korido moja yenye ubaridi. Rudi mwenyewe kwa metro. Laini Nyekundu ilifunguliwa Mei 2019, ina vituo eneo hilo, nauli ya kawaida ni riyali 2. Toka kituoni utembee mpaka mlangoni kwa miguu, saa nane mchana, halafu siku nyingine saa tatu usiku. Hapo utakutana na hatari ya kila siku, nayo ni gari. Barabara kama Majlis Al Taawon zilichorwa kwa ajili ya magari yaendayo kasi; mtembea kwa miguu ni mgeni asiyealikwa. Hesabu njia za magari unazovuka. Angalia taa ya wenye miguu inakupa sekunde ngapi, na jaribu ukiwa umeshika mkono wa mtoto. Kama njia ya watembeao inakatika mbele ya eneo la ujenzi na kukutupa barabarani, basi hivyo ndivyo mwanao atakavyokwenda dukani.

Joto nalo linahesabiwa humu. Qatar hukataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Serikali inayopiga marufuku jua ina sababu zake. Minara mingi ya West Bay haina mashine yake ya baridi. Hununua maji baridi yanayopita kwenye mabomba chini ya ardhi kutoka kampuni ya Qatar Cool. Uliza bili hiyo ni ya nani, yako au ya mwenye nyumba, na uandikiwe kwenye mkataba. Fleti ya vioo isiyo na ubaridi mwezi wa Agosti si usumbufu. Kwa mzee au mtoto mchanga, ni jambo la kukimbizana na saa.

Mvua? Watu hucheka. Lakini 20 Oktoba 2018 mvua ya siku moja ilikaribia kiasi cha mwaka mzima, na njia za chini za magari zikawa mabwawa. Kama umewahi kusimama Jangwani ya Dar mwezi wa Aprili, kagua maegesho ya chini: alama ya maji ukutani haidanganyi.

Sasa karatasi, ambayo ningeiweka juu ya wezi wote wa Doha wakijumlishwa. Mwenye nyumba atakutaka uandike hundi za mbele, mara nyingi kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, na umwachie zote siku ya kusaini. Kwetu wengi huichukulia hundi iliyorudi kama aibu na faini ya benki tu. Qatar ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitatu. Ukipoteza kazi mwezi wa nne, hundi nane zimelala kwenye droo ya mtu mwingine, kila moja na tarehe yake. Ndiyo njia rahisi kuliko zote ya mtu mwema wa West Bay kuonana na polisi. Kabla ya kuziandika, tafuta kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba ukiachishwa kazi, na ukubaliane ni lini utarudishiwa zilizobaki. Hakikisha anayekupangisha ndiye mwenye nyumba au ana uwakala wake kwa maandishi, na kwamba mkataba unasajiliwa serikalini kama sheria ya upangishaji ya 2008 inavyotaka. Mkataba uliosajiliwa ndio unaokupa mguu wa kusimamia mbele ya kamati ya migogoro ya kodi. Dalali akikuharakisha kwa kusema kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni, mwache huyo mtu aje.

Limebaki jambo ambalo miaka michache nyuma lisingeingia katika sura hii. Tarehe 23 Juni 2025 Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid, jangwani kusini magharibi mwa Doha. Anga ikafungwa, na watu wa minarani wakaona mianga ya kombora kwa kombora mbinguni. Tarehe 9 Septemba mwaka huo huo ndege za Israeli zilishambulia nyumba walimokuwa viongozi wa Hamas, mtaa wa Leqtaifiya, pale kwenye rasi za West Bay Lagoon, kaskazini mwa minara. Watu sita walikufa, mmoja wao askari wa usalama wa Qatar. Ni mtaa wa majumba ya kifahari, wa aina ambayo kitabu chochote cha wapangaji kingeupa alama kamili. Sina kanuni ya kumpa mpangaji kuhusu makombora, na anayedai anayo anakuuzia kitu. Ninachoweza kusema ni cha fundi tu: kwenye mnara wa vioo, mahali pa kukaa likitokea la kutokea ni katikati ya jengo, kwenye korido ya lifti na ngazi, mbali na dirisha lile ulilolipia kodi ya ziada. Kwa hiyo tumerudi kwenye ngazi.

Ukishahamia, kabla hujatundika pazia, toka nje uangalie ukuta wa jengo. Kuna kibao cha buluu chenye namba tatu: ya eneo, ya barabara na ya jengo. Kwetu anwani ni hadithi: nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, ukipotea uliza. Doha hakuna wa kuulizwa, na anayepokea simu ya 999 anataka zile namba. Zinakili kwa herufi kubwa, ongeza ya ghorofa na ya fleti, kisha zibandike upande wa ndani wa mlango, si juu ya swichi ambako huzisoma wewe, bali chini, usawa wa macho ya mtoto.